Mzigo Unavuka Ziwa? Jua Turubai la Boti Linazuia Nini na Halizuii Nini

Leo naongea na wewe unayeuza nguo, viatu, vifaa vya simu, vipodozi au vitabu mtandaoni, halafu wateja wako wapo ng'ambo ya maji: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na kwenye kambi za wavuvi. Hawa ni wateja wazuri sana. Maduka kwao ni machache, wanaagiza kwa pamoja, na ukimhudumia mmoja vizuri anakuletea kambi nzima. Ila mzigo wao lazima upande chombo, na ziwa halijui kwamba ndani ya boksi kuna simu ya mtu.

Sisi wa Misungwi upande mmoja tumepumua. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, mzigo wa Sengerema na Geita unapita juu ya lami, kama kilomita 3 hivi juu ya maji, hakuna kusubiri kivuko. Lakini visiwani bado ni meli, kivuko, au boti ya mbao yenye mashine nyuma. Kwenye meli na kivuko mzigo unaweza kupata sehemu ya ndani. Shida ipo kwenye ile hatua ya mwisho, boti ndogo inayotoka mwaloni kwenda kisiwani. Huko kinga ya mzigo wako ni turubai.

Wauzaji wengi wakisikia "boti ina turubai" wanaridhika, wanakabidhi boksi, wanarudi dukani. Hapo ndo hasara inapoanzia. Turubai ni kitu kizuri, ila lina kazi yake na lina mipaka yake, na kuna wakati nahodha analazimika kulifungua katikati ya maji ili watu wafike salama. Kwa hiyo kanuni ya leo ni moja tu, ishike:

Fungasha mzigo kana kwamba turubai litafunguliwa katikati ya ziwa.

Sasa twende taratibu tuone kwa nini.

1. TURUBAI LA BOTI LIPO LA NAMNA TATU

Ya kwanza ni turubai la kufunika. Linatandazwa juu ya mzigo moja kwa moja na kufungwa kamba, kama kwenye lori. Ni rahisi, halishiki upepo sana kwa sababu limelala chini.

Ya pili ni paa. Boti inawekewa fremu ya mabomba au fito, juu linatandazwa turubai, pembeni kunabaki wazi. Linazuia jua na mvua inayoshuka wima. Mvua ya upepo inaingia kama kawaida.

Ya tatu ni kibanda kizima. Paa lipo, pembeni kuna mapazia ya turubai yanayoshushwa na kupandishwa, na mbele kuna plastiki angavu ili nahodha aone anakokwenda. Kama umepanda bajaji siku ya mvua unaijua picha hii: dereva anashusha mapazia, mnabaki wakavu, ila ndani joto, kioo kinaingia ukungu, na upepo mkali ukipiga ubavuni bajaji yote inatikisika.

Ulaya na Marekani watu wenye boti ndogo za kusafiria wanaipenda sana namna hii ya tatu. Wanazungushia sehemu ya nahodha turubai lenye zipu na madirisha ya plastiki, wanasafiri kwenye baridi na mvua bila kulowa. Na wao wanapambana na mambo yaleyale: upepo, moshi, ukungu kwenye dirisha, na namna ya kutoka haraka. Kwa hiyo usidhani ni tatizo la umaskini wetu. Ni tabia ya turubai lenyewe.

2. MAJI YANA NJIA NNE ZA KUFIKIA MZIGO WAKO

Hapa ndipo penye somo lenyewe, soma polepole.

*Njia ya kwanza: kutoka juu.* Hii ni mvua. Turubai zima, lililokazwa vizuri, linaizuia. Lakini likilegea linafanya bwawa katikati. Fanya hesabu ndogo: sehemu ya mita 1 kwa mita 1 ikishika maji ya kina cha sentimita 5, hiyo ni lita 50, yaani kilo 50. Hizo kilo 50 ziko juu, mahali pabaya kabisa kwa uzito kwenye chombo. Boti ikiinama kidogo maji yote yanakimbilia upande mmoja na kuizidishia kuinama. Halafu bwawa likimwagika linamwagikia kwenye mzigo. Paa zuri lina mteremko, katikati liko juu na pembeni liko chini, kama bati la nyumba.

*Njia ya pili: kutoka pembeni.* Haya ni marashi ya mawimbi na mvua ya upepo. Hapa ndo pazia la pembeni linafanya kazi yake. Boti ikienda dhidi ya mawimbi, maji mengi yanaingia kutokea mbele, kwa hiyo mzigo uliokaa mbele kabisa unalowa hata kama katikati ni kukavu.

*Njia ya tatu: kutoka chini.* Boti ya mbao karibu kila mara ina maji kidogo chini. Mengine yanapenya kwenye maungio ya mbao, mengine yanaletwa na miguu ya abiria, mengine ni ya wimbi lililoingia. Ndiyo maana utamkuta kijana ana kopo anakumba maji safari nzima. Turubai hata liwe jipya kutoka kiwandani haliwezi kuzuia maji haya. Tena linayaficha, kwa sababu mzigo umefunikwa na hakuna anayeona kwamba boksi la chini limekaa kwenye maji saa nzima.

*Njia ya nne: jasho.* Hii inawashangaza wengi. Ukifunika mzigo kabisa, bila nafasi ya hewa, unyevu uliomo ndani unapanda kama mvuke, unagusa turubai lenye baridi, unageuka matone na kurudi chini. Safari za usiku na alfajiri ndo zaidi. Utafungua turubai ambalo halikupata hata tone la mvua, na nguo za juu zina unyevunyevu. Kama jirani na mzigo wako kuna gunia la dagaa ambao hawajakauka vizuri, unapata jasho na harufu kwa pamoja.

Umeona? Turubai linashughulika na njia mbili za kwanza. Njia mbili za mwisho ni zako wewe muuzaji, na unazimaliza ukiwa dukani.

3. UPEPO: KWA NINI NAHODHA ANAFUNGUA PAZIA

Turubai la pembeni ni tanga. Halikushonwa liwe tanga, ila upepo haujali lilishonwa kwa nia gani.

Chukua pazia la mita 3 kwa mita 1.5. Hiyo ni mita za mraba 4.5. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30. Upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, kama ule wa ghafla unaotangulia mvua ya radi, kasi imeongezeka mara 2 lakini nguvu inaongezeka mara 4. Sasa ni zaidi ya kilo 100 zinasukuma boti ubavuni, tena kutokea juu. Ni kama wanaume wawili wameng'ang'ania paa upande mmoja na kuvuta.

Kwenye boti pana yenye mzigo uliokaa chini, inavumilika. Kwenye boti nyembamba yenye abiria wengi na mzigo uliorundikwa juu, hiyo ndiyo ajali.

Kwa hiyo nahodha mwenye akili akiona wingu jeusi na maji yamebadilika rangi kwa mbali, anafungua mapazia ya pembeni mapema, upepo upite katikati. Mzigo utalowa. Ndiyo, utalowa. Na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa sikiliza, maana hapa sisi wauzaji tunahusika moja kwa moja. Kuna watu wanampa nahodha masharti: "Kaka, mzigo wangu usilowe, ukilowa unalipa." Umemweka huyo kijana mahali pagumu. Upepo ukija anaanza kuwaza boksi lako la laki tatu badala ya kuwaza watu 15 aliowabeba. Anachelewa dakika tano kufungua pazia. Dakika tano ziwani ni nyingi.

Mzigo uliofungashwa vizuri unampa nahodha uhuru wa kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya makala hii, kuliko hata hela.

4. MOSHI NA PETROLI CHINI YA TURUBAI

Mteja wangu mmoja wa kisiwani aliagiza sare za shule, mashati na sketi, mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa. Boti aliyochagua ilikuwa na kibanda kizuri, turubai jipya, mapazia yameshushwa mpaka chini. Mzigo ulifika mkavu kabisa. Ila mashati yote yalinuka petroli, kwa sababu madumu ya mafuta yaliwekwa ndani ya kibanda hichohicho, karibu na kiroba changu. Alizifua mara tatu harufu haikutoka. Ilibidi tugawane hasara, na watoto wake walianza shule na sare za zamani.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini na kukaa hukohuko, hasa kama pembeni pamefungwa. Nguo, unga, biskuti na vipodozi vinanyonya harufu haraka. Na hilo la harufu ni dogo. Kubwa ni moto: mvuke umejaa chini, mtu anawasha sigara au jiko la mkaa la chai, basi. Petroli ikae nje ya kibanda, nyuma, penye hewa.

Halafu kuna moshi wa mashine. Kibanda kikifungwa mbele na pembeni huku nyuma kukiwa wazi, boti ikitembea hewa inazunguka nyuma na kuuvuta moshi kuingia ndani. Kwenye moshi huo kuna gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anasinzia, wenzake wanadhani ni mawimbi. Dawa yake ni rahisi: hewa ipite. Pazia la mbele liwe na sehemu wazi ili upepo uingie mbele na kutokea nyuma. Na kama kuna jenereta, isiwashwe ndani ya kibanda kabisa.

Ukisafiri mwenyewe na mzigo wako, ukaona watu wawili watatu wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja ndani ya kibanda kilichofungwa, usingoje. Waambie wafungue.

5. KUONA NA KUTOKA

Plastiki angavu ya mbele ikiwa mpya inaonyesha vizuri. Baada ya miezi kadhaa ya jua inapauka, inakuwa ya njano, ina mikwaruzo. Mchana nahodha anabahatisha, usiku haoni kabisa. Tena usiku mtu akiwasha tochi au simu ndani, mwanga unarudi kwenye plastiki na nahodha anaona sura yake badala ya ziwa. Kwa hiyo ukiwa ndani ya boti usiku, zima tochi. Status utaangalia ukifika.

Plastiki hiyo inaoshwa kwa maji mengi kwanza ndipo inafutwa kwa kitambaa laini. Ukiifuta kavu, vumbi linaikwaruza. Na haikunjwi kama shuka, inaviringishwa, maana penye mkunjo ndipo inapopasukia.

Kuhusu kutoka: Mwanza hatuhitaji kufundishwa uchungu wa chombo kupinduka. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kufika Ukara. Mamia ya watu walikufa kila mara. Zile zilikuwa meli na kivuko cha chuma, hazikuangushwa na turubai. Ila wengi walinasa ndani wakakosa njia, na hilo ni somo kwa chombo chochote chenye paa na kuta.

Jaketi la kujiokolea linakusukuma juu. Ukiwa nje, juu ni hewa. Ukiwa ndani ya kibanda kilichopinduka, juu ni sakafu ya boti, na pembeni kuna turubai lililofungwa mafundo kumi. Ndiyo maana pazia la boti lifungwe kwa namna ambayo mkono mmoja, kwa mvuto mmoja, linafunguka. Fundo la kuvuta ncha likaachia ni zuri. Ile mipira ya tairi za baiskeli tunayofungia mizigo kwenye bodaboda nayo ni nzuri, inavutika na kukatika kwa kisu haraka. Waya wa kusokota kwa koleo ni hatari. Zipu iliyoshika kutu ni hatari. Na kisu kiwepo karibu na nahodha muda wote.

Muhimu kwako muuzaji: mzigo wako usipangwe kwenye njia ya kutokea. Ukifika mwaloni ukaona kiroba chako kimezibishwa kwenye mlango wa pazia, omba kihamishwe, hata kama kitakwenda mahali penye maji zaidi. Si ulishakifungasha vizuri?

6. JINSI YA KUFUNGASHA UKIWA DUKANI

Haya ni mambo ya vitendo. Hayahitaji mtaji mkubwa.

Anza na kuacha kuamini boksi. Boksi la karatasi likilowa chini linaachia, ukilinyanyua bidhaa zinabaki kwenye maji. Boksi litumike kuzuia bidhaa zisivunjike, siyo kuzuia maji.

*Nguo na mitandio:* kila bidhaa kwenye mfuko wake wa nailoni, hewa itoe, mdomo ukunje mara mbili kisha selotepu. Halafu zote kwenye mfuko mmoja mkubwa mzito wa nailoni, mdomo usokote, ukunje kama shingo ya bata, ufunge kwa mpira. Mwisho ndo kiroba. Hakikisha nguo ni kavu kabisa kabla ya kufunga, ukifungia unyevu ndani umejitengenezea jasho lako mwenyewe.

*Simu, chaja, spika:* ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ndani jaza magazeti au nguo kuukuu visigongane, mfuniko uzungushie selotepu pana. Ndoo ina faida tatu: maji ya chini haiyajui, inavumilia kubanwa, na ikianguka majini inaelea. Mteja pia anafurahi, ndoo anabaki nayo. Ukiweka bei ya ndoo kwenye gharama ya usafiri na kumweleza, hakuna anayekataa.

*Vipodozi na mafuta:* adui wa hapa ni joto zaidi ya maji. Turubai la rangi nyeusi au bluu nzito likipigwa na jua la saa saba linachemsha kilicho chini yake. Krimu zinajitenga, mafuta ya mgando yanakuwa maji na kuvuja. Kila chupa iwe kwenye mfuko wake, mfuniko uzungushie selotepu, na uombe safari ya asubuhi.

*Vitabu na madaftari:* mfuko wa nailoni mara mbili, halafu ndoo au kiroba chenye nailoni ndani. Karatasi ikishalowa haina marekebisho.

Kwa maji ya chini, omba mzigo ukae juu ya chaga, mbao au hata tairi kuukuu, ubaki umeinuka kutoka sakafu ya boti. Inchi nne tu zinatosha kubadilisha habari yote.

Jina na namba ya mteja andika kwa maka peni kwenye karatasi, bandika, kisha funika juu kwa selotepu angavu. Maandishi yaliyo wazi yakilowa yanafutika, na mzigo usio na jina mwaloni ni wa kila mtu.

Kabla ya kukabidhi, jaribu. Chukua furushi lako, limwagie kopo mbili tatu za maji juu, lisimamishe kwenye karai lenye maji kidogo kwa robo saa. Fungua uangalie. Kama limevuja hapo dukani, ziwani ni zaidi.

Na kama mpo wauzaji watatu wanne mnaotuma njia moja, kuna suluhisho tamu: changeni mnunue pipa la plastiki la bluu lenye mfuniko wa kubana kwa pete. Mwachieni nahodha mnayemwamini, likae kwenye boti yake siku zote. Mizigo midogo yote inaingia humo. Hapo hata turubai likifunguliwa mmelala usingizi. Hakikisheni tu pipa halikuwa la kemikali.

7. UKITAKA KUNUNUA AU KUCHANGIA TURUBAI

Wapo wauzaji wanaomnunulia nahodha wao turubai, nao wanapunguziwa nauli ya mzigo. Ni biashara nzuri kama unajua unachonunua.

Turubai jepesi la nailoni, lile linalong'aa la bluu, ni rahisi na linabebeka. Linafaa kufunika mzigo kwa muda. Jua linalikausha, linaanza kuchanika kwenye zile tundu za kamba, baada ya hapo linakwenda lote.

Turubai zito la plastiki, lile la malori, linadumu na halipitishi maji kabisa. Uzito wake unapimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Mepesi ya nailoni mengi yako kwenye gramu 80 hadi 120, ya malori yako kwenye 500 na kupanda. Hili ndilo zuri kwa paa. Ubaya wake halipumui, kwa hiyo jasho lipo, na ni zito kulifungua ukiwa peke yako.

Turubai la pamba, lile la mahema ya zamani, linapumua vizuri. Nyuzi zake zikilowa zinavimba na kuziba vitundu, maji hayapenyi kirahisi. Lakini ukilikunja likiwa bichi linaota ukungu na kuoza. Lianike kwanza.

Ukinunua, usiangalie rangi. Angalia tundu za kamba: ziwe na pete za chuma au shaba, na kitambaa cha hapo kiwe kimekunjwa na kushonwa mara mbili, kwa sababu turubai halichaniki katikati, linachanikia kwenye tundu. Fundi anayeshona viti vya magari anaweza kukuongezea kiraka cha ngozi au kipande cha turubai zito kwenye kila kona. Gharama ndogo, maisha marefu.

8. MASWALI YA KUMUULIZA NAHODHA

Uliza kwa heshima, mle siyo dukani kwako. "Shikamoo mzee" au "mambo vipi kaka" kwanza, kisha:

– Boti imesajiliwa na kukaguliwa na TASAC? Majaketi yanatosha watu wote?
– Mzigo wangu utakaa wapi, mbele, katikati au nyuma? Kuna chaga?
– Petroli inakaa wapi?
– Mapazia yanafunguka kwa haraka?
– Unaondoka saa ngapi, na umeangalia hali ya hewa?

Hilo la mwisho lina maana yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto. Hewa inatoka nchi kavu kila upande na kukutana ziwani, inapanda, inafanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria zinakuja usiku hadi alfajiri. Mchana mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri mawimbi yanakuwa makali. Katikati ya asubuhi, anga likiwa safi, mara nyingi ndo muda mtulivu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa utabiri wa Ziwa Victoria. Uangalie kabla hujatuma, kama unavyoangalia salio kabla ya kulipa.

Nahodha akikwambia "leo hatuendi", mshukuru. Mzigo uliochelewa siku moja unauzika.

9. MWAMBIE MTEJA UKWELI KABLA

Piga picha tatu: bidhaa kabla ya kufunga, furushi likiwa limefungwa, na furushi likiwa ndani ya boti. Kisha mtumie ujumbe kama huu:

"Habari dada, mzigo wako umeondoka leo saa 3 asubuhi kwa boti. Upo ndani ya ndoo iliyofungwa, jina lako lipo juu. Ukifika, naomba ufungue hapohapo mwaloni ukiwa na aliyeuleta, na kama kuna tatizo nipigie kabla hujaondoka. Hali ya hewa ikiwa mbaya nahodha anaweza kusubiri, usiwe na wasiwasi."

Ujumbe huo una kazi tatu. Mteja anajua atafute ndoo, siyo boksi. Anajua akague wapi, kwa hiyo hakuna ubishi wa siku mbili baadaye. Na ameshaambiwa kwamba kuchelewa kwa sababu ya hali ya hewa ni jambo la kawaida, kwa hiyo hakusumbui wewe, na wewe humsumbui nahodha.

Kubalianeni pia mapema nani anabeba hasara ya nini. Mimi naweka hivi: kulowa ni juu yangu, kwa sababu kufungasha ni kazi yangu. Kupotea ni kati yangu na mbebaji. Kuchelewa kwa hali ya hewa ni kwa Mungu, hakuna anayelipwa. Wewe panga yako, ila iandike kwenye meseji kabla hela haijatumwa.

KWA UFUPI

Turubai linakusaidia kwa mvua na mawimbi. Maji ya chini na jasho unayamaliza kwa nailoni, ndoo na chaga. Petroli ikae mbali na mzigo. Mapazia yafunguke kwa mvuto mmoja, na njia ya kutokea ibaki wazi. Nahodha akiamua kufungua, afungue bila kukufikiria wewe.

Kama una mwenzako anatuma mzigo visiwani, mtumie hii asome kabla mvua za vuli hazijaanza. Bidhaa ikilowa tutanunua nyingine Mwanza mjini. Watu wa kwenye boti hawauzwi popote.